Chuma Ndani ya Gogo

Mkanda wa msumeno ulikatika saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne moja ya mwezi wa pili, ukampitia Marvin kabla hajajua kwamba umekatika. Msumeno wa aina ile ni utepe wa chuma wenye meno, mrefu kama nyumba, unaozunguka juu ya magurudumu mawili kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ukikutana na mbao, unakata. Ukikutana na chuma mwenzake unapasuka, na kipande kinachoruka hakimwangalii mtu usoni. Kilimwingia Marvin chini ya mbavu za kushoto, kikatokea mgongoni, kikaenda kujidunga kwenye bati la ukuta na kubaki pale kikitetemeka. Marvin alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka na kazi. Aliweka mikono yote miwili tumboni akawa anajaribu kurudisha ndani vile vilivyokuwa vinatoka. Unga wa mbao uliokuwa chini yake ulikunywa damu haraka, ukageuka rangi ya matofali. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Nasambu alikuwa hatua ishirini kutoka pale, nyundo mkononi. Aliona yote. Alichosikia kilikuwa kidogo sana, kitu kama mlango unaofungwa nyumba ya jirani. Alitazama midomo ya wenzake ikifunguka, akajua kwamba wanapiga mayowe.

Mzee Wabuge, msimamizi wa msumeno, alizima umeme, akachukua shoka na kulipasua gogo pale meno yalipokomea. Katikati ya nyama nyeupe ya mti kulikuwa na kichwa cha mshale. Mti ulikuwa umekimeza miaka kumi na tano, ukakizungushia pete baada ya pete, hata kwa nje hapakuwa na kovu. Mzee akakitoa kwa koleo, akakitia mfukoni. Halafu akageuka akamtazama Nasambu. Hakumtazama kwa ubaya. Alimtazama kwa sababu kwenye gome la lile gogo, karibu kabisa na mahali pa mshale, palikuwa na mstari mmoja wa chaki nyeupe, na mstari ule ulikuwa wa mkono wa Nasambu. Maana yake ilijulikana na kila mtu pale: safi, pitisha.

Kiwanda chenyewe kiko nje kidogo ya Eldoret, upande wa Kiplombe, baina ya nyumba za kupanga na mashamba madogo ya mahindi. Kinapasua magogo ya misaiprasi na mikaratusi inayokatwa kwenye mashamba ya Ainabkoi, Burnt Forest na nyanda za juu zote za kule. Miti ya msituni haina shida. Shida ni miti ya ua, ile iliyopandwa mpakani na kukaa miaka thelathini ikipigiliwa kila kitu: misumari, waya wa seng'enge, ndoano za kufungia ng'ombe. Kwa hiyo kila kiwanda cha mbao huku kina mtu wa nyundo. Kazi yake ni kutembea juu ya magogo asubuhi mpaka jioni, akigonga kila shubiri na kusikiliza. Mti mzima unajibu kwa sauti ya chini na nzito. Penye chuma sauti inakatika ghafla, inakuwa kavu, kama mtu aliyeanza kusema jambo akanyamaza. Mtu wa nyundo anachora msalaba mahali pale, watu wa shoka wanapachimba, ndipo gogo linapelekwa kwa msumeno.

Nasambu alikuja Eldoret kutoka Kimilili akiwa ameolewa na mpakiaji wa lori. Mume alikufa lori lilipomwangukia kwenye mteremko, na Nasambu akabaki na watoto watatu na chumba kimoja. Alikuwa anauza uji pale langoni. Mzee Shitanda, mtu wa nyundo wa wakati ule, alikuwa anakunywa uji wake kila siku, na siku moja alimwita uwanjani, akampa nyundo, akamwambia afumbe macho agonge. Akagonga. "Hapa kuna kitu," Nasambu akasema. Walipochimba walipata kipande cha waya kisichozidi urefu wa njiti ya kibiriti. Mzee Shitanda akacheka mpaka akakohoa. "Huyu mwanamke ana masikio ya mwizi," akasema, na kazi ikawa imepatikana. Tangu siku ile watu walimwita Mama Linah kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na aliposema gogo ni safi hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Kulikuwa na desturi nyingine pale, na hiyo haipatikani katika viwanda vya mbao vya nchi nyingine yoyote. Mkulima anapouza miti, jina la shamba lake huandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kichwa cha kila gogo, ili lori lisichanganye mali. Gogo likifika kiwandani, jambo la kwanza ni kukikata kile kichwa, unene wa kiganja, na kukitupa kwenye moto wa boila. Hakuna anayesoma. Jina linaungua, na gogo linaingia kazini likiwa halina kwao.

Desturi hiyo ilianza mwezi wa nne wa mwaka 2008. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu mwaka mpya kwa sababu ya vita vya baada ya uchaguzi, na kilipofunguliwa watu wa kila upande walirudi kwenye meza ya msumeno, bega kwa bega, wakishika gogo moja kwa kulabu nne. Siku ya tatu walitoa mshale kwenye msaiprasi. Mtu mmoja aitwaye Oyugi akainama, akasoma kwa sauti jina la shamba. Alikuwa hana nia mbaya. Lakini aliyesimama mbele yake alikuwa amezika watu wawili karibu na shamba hilo, na aliyesimama nyuma yake alikuwa na mjomba aliyeishi humo. Oyugi alipoteza vidole vitatu kwa shoka lililokuwa halimlengi yeye. Mwingine alipasuliwa kichwa kwa kulabu akakaa hospitalini mpaka mvua ikaisha. Mwenye kiwanda wa wakati ule, mume wa Mama Chepkirui anayekiendesha sasa, alichukua mwenyewe msumeno wa mkono wa petroli, akapita uwanja mzima akikata vichwa vya magogo kimoja kimoja, akavichoma vyote. Toka hapo walifanya kazi pamoja. Walizikana na kukopeshana sukari. Mishale iliendelea kutoka, mmoja leo, mwingine mwaka ujao, na kila unapotoka Mzee Wabuge anautia mfukoni, na watu wanazungumza habari za mpira.

Mwaka wa kumi wa kazi, Nasambu alianza kuona kwamba ndege wa asubuhi wamepungua Kiplombe. Baadaye akaona kwamba simu haiiti tena bali inatetemeka tu. Linah alikuwa anarudia maneno mara mbili, mara tatu, na kukasirika. Msumeno uliokuwa unampa chakula ulikuwa unamla masikio, kidogo kidogo, miaka yote hiyo. Hakumwambia mtu. Mtu wa nyundo asiyesikia anarudi langoni kuuza uji, na Linah alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu kumaliza chuo cha uuguzi, na wadogo zake wawili walikuwa wanafuata nyuma. Kwa hiyo alijifunza njia nyingine. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya gome na kugonga kwa mkono wa kulia, akitafuta ile sauti kwa ngozi. Mara nyingi aliipata. Palipokuwa na shaka alichora msalaba, na watu wa shoka wakachimba bure, wakamtania kwamba siku hizi Mama Linah anaogopa hata kivuli.

Mwaka wa 2021 alikuja daktari wa mambo ya usalama kazini. Alimvalisha kila mfanyakazi vidude vya masikioni na kumwambia ainue mkono akisikia mlio. Nasambu hakuutazama ukuta kama wengine. Alitazama kidole cha daktari kwenye kile kitufe, na kila kidole kilipobonyeza aliinua mkono. Alitoka akiwa na furaha ya mtoto aliyeiba mtihani. Alisubiri kuitwa ofisini. Siku zikapita, hakuitwa, akaamua kwamba amefaulu.

Wiki mbili kabla ya kifo cha Marvin, msumeno ulikuwa umevunjika meno sita kwenye gogo lingine lililokuwa na mstari wake mweupe. Haukuumiza mtu. Mahali popote pengine mtu angeangalia kichwa cha gogo, akasoma jina la shamba, akasema ule ua wote una chuma, wekeni kando lori zima. Hapa jina lilikuwa majivu. Magogo mawili ya ua mmoja, yaliyoshuka kwenye lori moja, yalilala uwanjani kama wageni wasiojuana. Nasambu aliliendea la pili, akaweka kiganja, akagonga mara tatu. Kiganja kilikuwa kimekufa ganzi kwa baridi ya asubuhi. Akachora mstari.

Walimzika Marvin kwao Malava. Nasambu alienda mazishini, akasimama nyuma, akala chakula cha msiba. Kaka yake Marvin, mfanyakazi mwenzao aliyeitwa Tyson tangu shule ya msingi kwa sababu ya ngumi zake, alimletea chai kwa mikono yake mwenyewe. "Kunywa, Mama Linah. Wewe ndio mama yetu kule." Aliinywa.

Mwezi uliofuata mashine ikaja. Ilikuwa tao la chuma lenye urefu wa kupita mtu, na ndani yake miale inayoona chuma kwenye mti kama daktari anavyoona mfupa. Nyuma ya tao palikuwa na msumeno mpya unaoamrishwa na kompyuta. Pamoja nayo alikuja Munene, fundi kijana kutoka Nairobi, mwenye buti safi na sauti ya upole, aliyekuwa anasalimia kila mtu kwa mkono.

Sababu za kiwanda kununua mashine zilizungumzwa kwenye chai kwa siku nne mfululizo.

"Ni ile kampuni ya Athi River inayonunua mbao zetu," mmoja akasema. "Wanataka kila mbao ilingane na mwenzake. Sisi tunapima na jicho."

"Ni benki," akasema Mzee Wabuge. "Benki ya siku hizi haiwezi kukopesha nyundo. Inakopesha kitu chenye skrini."

"Mzee, wacha hizo," Tyson akasema. "Hesabu watu wa hii meza. Tuko kumi na moja. Hiyo mashini inataka watatu. Haigonjeki, haina ndugu wa kuzika, haiulizi lunch iko wapi. Hapo sasa mimi nimemaliza."

"Na Mama Linah?" mwingine akauliza.

"Mama Linah ndiye wa kwanza kwenda. Hiyo tao ndiyo yeye sasa."

Nasambu aliona nyuso zote zikimgeukia kwa huruma. Hakuwa amesikia walichosema, lakini aliuelewa mwisho wake, akatikisa kichwa na kuendelea kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Mama Chepkirui, mjane aliyekuwa anaendesha kiwanda tangu mumewe afariki, alipanda juu ya gogo akiwa na gambuti zake za mpira na kuwahutubia. Alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache, anayejua watoto wa kila mfanyakazi kwa majina. "Nimeleta hii kitu ili mtu mwingine asikufe hapa," alisema. "Hakuna sababu ingine."

"Ungeleta kabla, Mama," Tyson akasema.

Mama Chepkirui alishuka, akaenda ofisini, akafunga mlango.

Jambo lililoharibu kila kitu lilisemwa na Munene, na alilisema kwa nia njema. Aliwakusanya watu wa uwanjani Alhamisi asubuhi, akawaambia kwamba kompyuta inahitaji kujua kila gogo limetoka shamba gani, ili ikikuta chuma ikumbuke ua mzima. "Kwa hivyo msikate vichwa tena. Hayo majina tunayaingiza kwa mashini. Ikipata kitu, itaonyesha picha yake hapa kwa skrini, na jina la shamba hapa chini."

Watu walitazama buti zao.

"Kijana," Mzee Wabuge akasema mwishowe, "hayo majina hatusomi hapa."

"Kwa nini, Mzee?"

"Kwa sababu sisi wote tunajua kusoma."

Munene alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Alasiri ile akaliingiza gogo la kwanza la majaribio, na kwenye skrini, mbele ya watu wanane, mshale ukatokea mweupe na wazi kama uliochongwa jana, na chini yake jina la shamba kwa herufi kubwa. Mtu mmoja akaondoka bila kuaga. Mwingine akatema mate chini, karibu sana na mguu wa jirani yake wa miaka kumi, na jirani akauvuta mguu wake polepole, akimtazama.

Ijumaa saa saba, wakati wa chakula, walikuja saba. Tyson alikuwa mbele. Munene alikuwa amelala chali chini ya tao akikaza nati, na walimvuta kwa miguu mpaka nje, kichwa chake kikigonga reli. Hawakuanza na maneno. Walimpiga kwa mipini ya kulabu, mipini ya mkaratusi minene kama mkono wa mtu, na alipojikunja wakatumia buti. Meno yake mawili yalianguka kwenye unga wa mbao. Mtu mmoja alikuwa anampiga mgongoni kwa mpangilio, bila hasira, kama anayepura maharagwe. Mwingine aliishika ile skrini, akaing'oa na waya zake, akaitwanga kwenye zege. Tyson akafungua jerikeni la petroli ya msumeno wa mkono na kuanza kuimwagia mashine.

Nasambu alikuwa kando ya boila na sahani ya githeri. Aliona watu wakikimbia, akakimbilia walikotoka. Alipofika ndani aliiona damu kabla ya kumwona mtu. Alijisukuma katikati yao akasimama juu ya Munene, miguu imetanuka, nyundo yake mkononi.

Tyson alimwekea mkono begani, kwa heshima kabisa, na akaongea karibu na uso wake. "Mama Linah, toka hapa. Hii ni kazi yako tunalinda. Hakuna mashini itachukua nyundo yako, na mimi niko hai. Marvin angekuwa hapa angefanya hivi hivi."

Aliisoma midomo yake mpaka kwenye lile jina. Akaiachia nyundo ikaanguka.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Lile gogo la Marvin. Niliweka mkono, nikagonga mara tatu, sikusikia kitu, nikachora chaki. Sijasikia kitu sawasawa huu mwaka wa nne. Nilikuwa nabahatisha, Tyson. Na lile la kabla yake pia. Usimpige huyu. Hii mashini ingeuona ule mshale. Mimi sikuuona."

Kiziwi hajui anasema kwa sauti gani. Nasambu alidhani anamnong'oneza Tyson peke yake. Watu wote walimsikia, hata wale wa nje.

Tyson alirudi nyuma hatua moja. Uso wake haukuonyesha kitu. Kisha akauzungusha mpini.

Pigo la kwanza lilipokewa na mkono wa kulia wa Nasambu, alioinua bila kufikiri, na mifupa yote miwili ya mkono ikavunjika chini ya kiwiko. Ule mlio alioukosa miaka minne ulimfika kupitia mfupa wake mwenyewe, mkavu, uliokatika ghafla. Pigo la pili likampata begani, akapiga magoti. Aliuona mpini ukipanda mara ya tatu, juu ya kichwa chake, na akakaa vile, hakujikinga. Alikuwa amelingojea pigo lile tangu mwezi wa pili. Halikuja. Tyson alikuwa ameganda, akitazama chini, nyuma ya Nasambu.

Alichosema Munene, Nasambu aliambiwa baadaye. Fundi alikuwa amejiinua kwa kiwiko kimoja, mdomo umejaa damu, akasema, "Ofisi ilijua."

"Nyamaza," mtu akamwambia.

"Walijua. Iko kwa zile karatasi za kuomba mkopo wa hii mashini. Ukurasa wa kwanza kabisa, mahali pa kuandika sababu. Mtu wetu wa nyundo amepoteza masikio, kulingana na ripoti ya daktari, mwezi wa sita, 2021. Daktari ameandika alibonyeza hata bila mlio, na mkono ukapanda. Nilipewa nikasoma kabla nije huku." Akatema damu. "Muulizeni mwenye kiwanda mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, akihema kwa kukimbia.

"Mama," Tyson akasema. "Ni ukweli?"

Mama Chepkirui alitazama mashine iliyolowa, skrini iliyotawanyika, mwanamke aliyepiga magoti na mkono ulioning'inia vibaya. Angeweza kusema uongo. Karatasi zilikuwa kwenye kabati lake na ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

"Ni ukweli," akasema. "Ripoti ilikuja. Niliomba mashini mwezi huo huo. Benki ikakataa. Nikaomba tena mwaka uliofuata, ikakataa. Hapa hakuna mtu mwingine anajua nyundo. Ningemtoa, msumeno unasimama, watu arobaini wanaenda nyumbani. Nikasema wacha amalize hii wiki. Halafu nikasema hivyo tena wiki ingine."

"Miaka miwili."

"Miaka miwili, ndiyo."

"Na sasa benki imekubali kwa nini?"

"Kampuni ya bima ilisema baada ya Marvin haitatuandika tena kama hakuna mashini. Bila bima hakuna mnunuzi. Benki ikaona hiyo, ikakubali wiki hiyo hiyo."

Tyson alimwendea na jerikeni. Hakuna aliyemzuia, hata Mzee Wabuge, aliyekuwa amesimama na mikono imening'inia kama nguo kwenye kamba. Alimmwagia petroli kichwani, kwenye kitambaa cha kichwa, kwenye sweta, polepole, mpaka jerikeni likaisha. Mama Chepkirui alifumba macho, akabaki amesimama. Tyson akatoa kibiriti. Njiti ya kwanza ilivunjika kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimelowa. Akachukua ya pili.

Nasambu hakuwa amesikia neno hata moja la mazungumzo yale. Lakini alikuwa amekaa pembeni kidogo, akiutazama mdomo wa mwajiri wake kwa umakini wa miaka minne, na alikuwa ameisoma ripoti, mwezi wa sita, miaka miwili. Aliinuka akiwa ameubana mkono uliovunjika kifuani. Akatembea mpaka kwa Tyson na kukishika kile kibiriti kwa mkono wa kushoto, kiganja juu ya vidole vyake, kama alivyozoea kushika magome.

"Ukimchoma," akasema, "nabaki mimi peke yangu niliyemuua ndugu yako."

Tyson alisema kitu. Nasambu hakukiona vizuri kwa sababu ya machozi yake mwenyewe.

"Sisemi umsamehe," Nasambu akaendelea. "Mimi pia usinisamehe. Lakini huyu akiungua, kesho wataandika kwamba ni kiziwi mmoja alikosea gogo, basi, imeisha. Mimi sitaki kuubeba peke yangu. Mwache abaki na mdomo. Aende ofisi ya serikali ya kazi aseme, aende kwa mama yenu Malava aseme."

Walikaa hivyo, mkono juu ya mkono, na petroli ikidondoka sakafuni kati yao. Kisha vidole vya Tyson vikalegea. Kibiriti kilibaki kwa Nasambu. Tyson akageuka, akaenda mpaka ukutani, akaanza kuligonga bati kwa paji la uso wake, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka damu ikamwingia machoni, na Mzee Wabuge akazinduka, akamkumbatia kwa nyuma na kuanguka naye chini. Wale wengine sita waliweka mipini yao. Mmoja wao akavua shati, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha Munene, mtu yule yule aliyekuwa anampiga mgongoni.

Mama Chepkirui alifumbua macho. Alianza kuongea, huku akitazama sakafu. Alikuwa anasema pole. Kila mtu aliona kwamba anasema pole, na Nasambu pia aliona.

"Si hilo," Nasambu akasema. "Lile la kwanza."

Mjane akasema tena, kwa sauti ya chini, bado akitazama sakafu.

"Sijasikia. Geuka huku. Sema kwa nguvu, na wao wasikie."

Mama Chepkirui akainua uso. Petroli ilikuwa inamwingia machoni na hakujifuta. Akafungua mdomo wazi, neno baada ya neno, kama mtu anavyofungua akizungumza na kiziwi, akasema kwamba alijua, kwamba alijua tangu mwezi wa sita wa 2021, kwamba kila asubuhi alimwona Nasambu kupitia dirisha la ofisi akigonga magogo asiyoyasikia, na kila asubuhi aliuacha msumeno uwashwe. Watu wa boila walikuwa wametoka nje kusikiliza. Nasambu alimsogelea mpaka harufu ya petroli ikamchoma pua, akaisoma ile midomo mpaka neno la mwisho, na alipomaliza akamwambia arudie.